Bafta ya Kumpigia Picha Paka

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi, baba yetu alifariki, na shida ikaingia nyumbani kama mtu mwenye ufunguo wake. Nilikuwa darasa la tatu. Shule nikaiacha hapo, nayo haikunitafuta. Tulibaki mama, dada yangu mkubwa na mimi. Mama hakukaa sana, naye akamfuata baba. Dada ndiye aliyekuwa akishuka sokoni Lushoto na karai la pea na plamu kichwani, mimi nyuma yake na kikapu cha mboga, na ndiye aliyenishika mkono siku moja akaniingiza kwa mzee mmoja mpiga picha, akamwambia, "Huyu mtoto kichwa chake si cha shule, ila macho anayo. Mpe ufagio."

Nikapewa ufagio. Kutoka kwenye ufagio nikapanda hadi kuosha picha kwenye chumba cha giza, kutoka hapo nikapanda hadi kushika kamera. Yule mzee alipochoka akaenda kukaa na watoto wake, na mimi nikabaki na chumba. Leo chumba ni changu. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue anaongea na mtu gani. Sikufundishwa na chuo. Nilifundishwa na wateja wanaorudisha picha.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na mtindo mmoja wa taa. Taa mbili mbele, moja kushoto moja kulia, sawasawa kama masikio. Mteja anakaa katikati, anainua kidevu, hacheki, hapepesi. Uso unatoka wote, hakuna kivuli, hakuna pa kujificha. Watu wa milima hii wanataka hivyo. Mtu akilipia picha anataka kuyaona masikio yake yote mawili. Bwana harusi mmoja aliwahi kunirudishia picha kwa sababu shavu moja lilikuwa na giza kidogo, akasema ukweni watauliza kule upande wa pili kuna nini.

Basi, mwaka jana msimu wa baridi, magoti ya dada yalikataa mlima. Nyumba yake iko Mlola, mahali ambapo hata kwenda kwa jirani ni kupanda au kushuka, katikati hakuna. Binti yake aliyeolewa Muheza akasema mama aje akae naye kwenye tambarare, karibu na hospitali. Dada akakubali, jambo ambalo si kawaida yake. Lakini paka wake hakualikwa. Kule kuna mtoto mwenye pumu, manyoya yanamziba kifua.

Huyo paka alizaliwa kwenye majivu ya meko ya dada, akakulia juu ya dari la jikoni akilinda mahindi. Mweusi tii. Tangu shemeji yangu afariki, paka ndiye mwenzake dada wa kuzungumza. Hana jina. Dada humwita "wewe", naye huitika.

Dada akanipigia simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uko hai?"

"Niko hai."

"Basi njoo na kamera. Jumamosi ya wiki ijayo ninashuka Muheza, nataka picha ya uso wa huyu kiumbe niitundike ukutani. Umewapiga picha watu wote wa wilaya hii pamoja na sura zao, paka hawezi kukushinda."

Nikapanda Mlola na kamera yangu na flashi. Nilimkuta paka jikoni, karibu na mafiga. Nikamwelekezea flashi usoni kama ninavyomwelekezea kila mtu, nikapiga. Nikashuka mjini nikasafisha picha, nikampelekea nikiwa nimeiweka kwenye bahasha safi.

Dada aliishika mbali, akaishika karibu, akaigeuza juu chini.

"Hii nini?"

"Paka."

"Mimi naona shimo la choo, na ndani yake mtu ameangusha tochi mbili."

"Ni mweusi, dada. Kitu cheusi hakitoki."

"Wewe ulipozaliwa ulikuwa mweusi kuliko huyu na mama alikuona."

Macho ya paka yalikuwa yametoka ya kijani, yanawaka, na mwili wote umepotea. Jirani yake aliyekuja kuomba moto akaitazama akasema ukiitundika hii ukweni kwa binti yako, mkwe atakuita mchawi kabla hujafungua mzigo. Dada akairudisha kwenye bahasha, akanipa. Akaongea polepole, na mimi namjua, akiongea polepole si utani tena.

"Kama huwezi, sema. Nitaondoka na ile ya kichwani. Ila ya kichwani niliijaribu kwa mama. Sura yote imefutika, imebaki kilemba."

Mama hakuwahi kupigwa picha.

Hapo studio ninafanya kazi na mjukuu wangu wa kike, aliyesomea mambo ya picha Dar es Salaam akarudi na taa za kisasa anazopigia maharusi. Upande wake wa chumba una mastendi na boksi la mwanga, lile boksi la kitambaa cheusi lenye uso mweupe, taa ndani yake. Upande wangu una kiti. Tunataniana kama desturi ilivyo, mimi namwita mchumba, yeye ananiita mume wangu, na wateja wageni hushtuka. Nikamwonyesha ile picha. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mume wangu, umempiga paka paspoti."

"Mimi nimepiga picha kabla mama yako hajazaliwa."

"Ndiyo, na zote ni hii hii moja. Watu wanabadilika, taa zimeganda."

Niliudhika, lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Nikamwambia anifundishe, na asimwambie mtu. Siku ya pili yake hata muuza karanga alijua.

Hakunipa paka. Alikwenda jikoni akaleta sufuria ya maharage, ile iliyoliwa na moshi mpaka masizi yake yana masizi, akaiweka kwenye kiti cha wateja. "Siku utakayonitolea hii sufuria ikaonekana ni duara, ndiyo siku utakayomgusa paka," akasema. Nikasema hiyo ni dharau. Akasema ndiyo, lakini sufuria haitakimbia.

Nikawasha taa zangu mbili mbele. Sufuria ikatoka bapa kama kivuli cha sufuria. Nikaongeza mwanga, ukuta ukawa mweupe na sufuria ikabaki vilevile. Mjukuu akazima taa moja. Ile ya pili akaivuta pembeni, kisha nyuma kidogo, mpaka mwanga ukawa hauipigi sufuria usoni bali unateleza ubavuni mwake. Nikaona mstari mwembamba wa nuru ukiifuata sufuria kwenye ukingo, ukazunguka na mshikio wake. Ikanenepa mbele ya macho yangu.

"Cheusi hakikurudishii mwanga ukikitazama ana kwa ana," akasema. "Kinaurudisha pembeni. Ndiyo maana paka wako alikuwa shimo."

"Taa ya pembeni ni ya watu wanaoficha kitu."

"Babu, paka hana cha kuficha. Anataka mgongo wake uonekane."

Tukabadilisha na pazia la nyuma. Mimi nilikuwa na pazia jekundu la miaka mingi, akaliondoa akaweka blanketi la kijivu, kwa sababu cheusi mbele ya giza kinazama, na mbele ya weupe mwingi kinaonekana kama kimekatwa kwa mkasi. Akanifundisha kwamba taa ndogo ikiwa mbali inakata kama kisu, na mwanga mpana ukiwa karibu unapapasa. Akanifundisha kwamba macho ya paka yanawaka kijani kwa sababu flashi imekaa juu ya kamera, inaingia jichoni na kurudi njia ileile iliyopitia. Iondoe kamerani, iweke mbali, na jicho linabaki na nukta moja tu ya mwanga. Hiyo nukta ndiyo inayomfanya kiumbe aonekane yu hai. Nilikuwa nimewapiga watu nukta mbili maisha yangu yote na sikuwahi kuziangalia.

Mlango wa studio uko barabarani, na sufuria ilikaa kwenye kiti cha wateja asubuhi nzima. Mpita njia akasimama.

"Mzee, shikamoo. Sufuria inasafiri nje ya nchi?"

"Marahaba. Inasafiri, na ina adabu kuliko wewe. Haijacheka hata mara moja."

Ilipotoka duara, nikaambiwa sasa tafuta paka wa kujaribia. Nikaazima paka wa bucha, mnene, mwenye dharau kama bosi wake. Mjukuu akasogeza boksi lake la mwanga karibu sana, kama alivyonifundisha. Paka akaliona lile boksi, lina joto, lina nuru, akajua ni nyumba. Akaingia kwa mlango aliojitengenezea mwenyewe kwa kucha, katikati ya kile kitambaa cheupe cha mbele. Picha niliyopata siku hiyo ni ya mkia unaoingia ndani.

Mjukuu akapitisha vidole kwenye tundu la boksi lake.

"Mchumba," nikamwambia, "taa zako hazijaganda, lakini zimetoboka."

Kitambaa kilipochanika ikabidi kitafutwe kingine, cheupe, chembamba, cha kupitisha mwanga bila kuukata. Mjukuu akasema kikiwa kikubwa tutakitundika kwenye dirisha la dada, taa ikae nje, na dirisha zima ligeuke kuwa boksi la mwanga ambalo paka hawezi kuliingia. Nilikubali ni akili nzuri. Nikakimbilia sokoni.

Sasa hapa nieleze vizuri, maana mtu wa mbali hawezi kuelewa. Kwetu bafta nyeupe ya kiasi kile ni kitambaa cha sanda. Mtu hanunui bafta nyingi kwa ajili ya kitu kingine. Na anayenunua sanda habishani bei, ni aibu kufanya hivyo. Muuzaji naye anaipima kimya, anaikunja, anaitoa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na haraka na mvua ilikuwa imeninyeshea. Nikaomba bafta nyingi, nikalipa bila neno, mimi ambaye duka lile linanijua kwa ubishi. Muuzaji ni mtu wa ukoo wa kule Mlola, anajua dada anaumwa miguu, na hajamwona sokoni siku nyingi. Akakunja taratibu. "Pole sana, kaka," akasema. Nikajua ni kwa ajili ya mvua. Nikasema asante, nikaondoka.

Asubuhi yake tukapanda Mlola, mimi na mjukuu. Ukungu ulikuwa mzito, umeme umekatika, simu ya dada haina chaji. Mjukuu alikuwa na taa ya betri. Tukafunika dirisha la jikoni kwa bafta, tukasimamisha taa nje uani, tukatundika blanketi la kijivu ukutani. Dada alikaa kwenye kigoda akitutazama.

"Mmekuja kunipigia picha paka au kunijengea msikiti?"

"Tulia, dada."

"Nimetulia. Paka ndiye yuko darini tangu amekuona. Anakukumbuka."

Tukiwa katika kumbembeleza paka ashuke, nikasikia watu njiani. Nikachungulia. Wanawake wanapandisha mteremko na matita ya kuni kichwani, wengine na unga, nyuma yao wazee wamevaa kanzu nyeupe na kofia, wanatembea kwa ule mwendo wa polepole unaojulikana. Walipofika uani wakaiona bafta dirishani. Wifi yake dada, aliyekuwa mbele, akatua kuni zake akaangua kilio, na wengine wakapokea.

Dada akajikokota hadi mlangoni na mwiko mkononi.

"Amekufa nani?"

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwisho mzee mmoja, wa rika lake, akavua kofia.

"Wewe."

"Mbona sijaambiwa?"

Mjukuu wangu alikuwa amejificha nyuma ya stendi, mabega yanatikisika. Mimi nilianza kuelewa, kwanza duka, halafu mvua, halafu ile mikono miwili. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, maana ukianza kueleza paka na bafta mbele ya watu waliobeba kuni kutoka ng'ambo ya bonde, maneno hayakai sawa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama paka anavishwa sanda siku hizi huko mjini.

Nilitegemea dada atanichamba mpaka nikose pa kusimama. Badala yake aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Wewe uliyelia kuliko wote, mara ya mwisho kuja kunisalimia lini?"

"Wifi, shamba..."

"Leo shamba limekuachia. Kuni hazirudi. Unga haurudi. Pikeni, tule nikiwepo."

Wakacheka, wakaingia. Wanawake wakawasha moto nje. Wazee wakaingia jikoni kuona hicho kilichowatoa makwao, wakakaa chini kwenye mkeka. Mvua nyembamba ikaanza, na mmoja akatoka akasimama na mwavuli juu ya taa yetu uani, bila kuombwa, kama anamkinga mgonjwa.

Dada akasema, "Nyamazeni sasa." Akarudi kwenye kigoda chake chini ya dari, akagonga mwiko mara chache kwenye ukingo wa sufuria. "Wewe," akaita. "Wewe. Shuka, wameshamaliza kunizika."

Paka akashuka. Alipita juu ya magunia, akaruka, akakaa ubavuni mwa kigoda, nusu yake kwenye mwanga wa bafta. Upande ule ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea. Mgongo ulitoka, sikio likatoka. Lakini upande wa pili, kuelekea mkekani, ulikuwa giza tupu. Nikaanza kumwomba mjukuu sinia la kurudishia mwanga. Hapo mzee mmoja akahama kutafuta pa kuegemea, akapita karibu upande ule wa giza, na shavu la paka likaonekana, kisha likazima alipopita.

Mimi na mjukuu tukatazamana. Kanzu.

"Babu yangu," mjukuu akamwambia yule mzee, akipiga goti kidogo, "shikamoo. Naomba urudi pale ulipopita."

"Marahaba. Nirudi nifanye nini?"

"Ukae tu uwe mweupe."

Wakapangwa ukutani, wazee wa watu, bega kwa bega, kanzu zimenyooshwa magotini, wanarudisha mwanga. Mmoja akanong'ona kwamba amesimamia ndoa, amesimamia mirathi, hajawahi kusimamia paka. Mjukuu alinipa kamera. Nilifikiri atapiga yeye. "Ni paka wa dada yako," akasema. Akanikumbusha nizisubiri nukta za macho, nisikimbilie. Akataka pia dada atoe mkono, maana mkono ulikuwa umeingia kwenye picha, umekaa shingoni mwa paka. Nikakataa. Huo mkono naujua tangu ufagio.

Nikasubiri. Paka akageuza uso. Nikapiga.

Nilimpelekea dada kamera aone kwenye kioo chake. Aliishika mbali, kisha karibu. Alikaa nayo muda mrefu kuliko alivyokaa na ile ya kwanza.

"Kumbe si mweusi," akasema.

Ni kweli. Pale mwanga ulipoteleza mgongoni, manyoya yalikuwa ya kahawia iliyoiva, kama kahawa iliyokaangwa. Ndani ya ule moshi hakuna aliyewahi kumwona.

"Miaka yote hii namwita mweusi na yeye ananyamaza tu." Akampapasa bila kumtazama, macho yakiwa kwenye picha. "Mkono wangu umezeeka. Ungeuficha."

"Haujazeeka. Taa ya pembeni inaonyesha kila kitu."

"Basi zile taa zako za mbele zilikuwa na heshima."

Jumamosi alishuka Muheza na picha kifuani, ndani ya kitenge. Imetundikwa juu ya kitanda chake. Mkwe haisemi vibaya. Mtoto mwenye pumu huipungia mkono asubuhi, kwa sababu ameambiwa paka huyo haingii kifuani. Dada hunipigia simu, hanijulii hali, anauliza kama "wewe", aliyebaki kwangu, amekula. Juzi akaniambia sasa akifumba macho anamwona paka wote, mpaka masharubu, na pembeni mwa paka anaanza kukiona kilemba, na chini ya kilemba mara nyingine kuna kidevu.

Siku hizi watu wananiletea paka. Na mbwa, na jogoo mmoja wa maonyesho. Nikimpiga mtu picha ya harusi ninauliza kwanza, paspoti au sufuria, na wenyeji wanajua maana yake.

Nimemaliza. Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya upande mmoja. Chumba cha studio na ufunguo wake. Kamera mbili, moja ya filamu haina filamu. Taa tatu, mbili za zamani, bado zinawaka. Kiti cha wateja. Blanketi la kijivu. Sufuria moja ya maharage ambayo mke wangu haruhusiwi kuisugua. Shamba la kabichi na miti ya plamu, si kubwa. Bafta nyeupe, nzima, safi; nimewaambia wanangu wasiikate mapazia, siku yangu ikifika ipo, kwa sasa iko dirishani kazini. Na paka mmoja wa kahawia, ambaye nimewekewa tu.